PISTONI, SILINDA NA VALI: TUSIIZIKE INJINI NDOGO INGALI HAI

Na Ofisa Uhusiano wa Jeshi, Bujumbura

Umeme unapokatika saa za magharibi katika mtaa wa Kigobe, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, kimya hakidumu. Kitambo kidogo husikika mtu akivuta kamba nyuma ya ua, mara moja, mara mbili, kisha mlio wa jenereta unapanda. Wa jirani unaitikia, na wa tatu vilevile. Mtaa huu unajulikana nchini kote kwa jumba ambamo Bunge la Taifa hufanya vikao vyake. Lakini kwa mwenye duka la dawa, kwa kinyozi, kwa fundi cherehani na kwa mama anayehifadhi samaki wa mukeke ndani ya friji, riziki ya jioni inategemea kitu kidogo zaidi: pistoni isiyozidi upana wa kikombe cha chai, ipandayo na kushuka ndani ya tundu la chuma.

Injini za namna hii zimeenea kila mahali. Ndizo zinazovuta maji ya kumwagilia mashamba katika tambarare ya Imbo, ndizo zinazoendesha pikipiki za abiria, na jamaa zake ndizo zinazosukuma mitumbwi ya wavuvi katika Ziwa Tanganyika. Hata hivyo nyingi hufa mapema mno. Hununuliwa, hutumiwa miaka miwili au mitatu, huanza kutoa moshi na kukataa kuwaka, kisha hutupwa kwenye pembe ya ua na kuwa kiota cha kuku. Mwenyewe husema, "Imekwisha." Mara nyingi haikwisha, ilichoka tu, na hakupatikana mtu wa kuipima.

Jambo hili si la mtu binafsi peke yake. Kila mashine inayotupwa hudai nyingine kutoka ng'ambo, na ya ng'ambo hununuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo taifa letu halina za kumwaga. Aidha tangu mwaka 2021 nchi imepata vipindi vingi vya uhaba wa petroli, na sote twajua maana ya kupanga foleni kutwa nzima. Injini iliyolegea hunywa petroli nyingi na kurudisha kazi kidogo. Kuitengeneza, basi, ni kuokoa mafuta, ni kuokoa fedha, na ni kumpa kazi kijana aliyejifunza ufundi. Makala haya yanakusudia kumweleza msomaji jinsi matengenezo makubwa ya pistoni, silinda na vali yanavyofanywa, ili akimpelekea fundi mashine yake ajue la kumwuliza, na kama yeye mwenyewe ni fundi, apate la kupima pamoja na lake.

JINSI INJINI INAVYOPUMUA

Injini nyingi hizo ni za mapigo manne, namna aliyofaulu kuiunda Nikolaus Otto wa Ujerumani mwaka 1876. Pigo la kwanza pistoni hushuka na kunyonya hewa yenye mvuke wa petroli kupitia vali ya kuingizia. Pigo la pili hupanda, vali zote mbili zikiwa zimefungwa, ikaugandamiza mchanganyiko huo. Pigo la tatu plagi, ambayo hapa Bujumbura wengi huiita buji, hutoa cheche. Mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Pigo la nne pistoni hupanda tena na kutema moshi kupitia vali ya kutolea.

Katika mapigo hayo manne ni moja tu lifanyalo kazi, matatu huliandalia. Na hilo moja hutegemea jambo moja: pumzi isivuje. Pumzi hiyo hulindwa na walinzi watatu. Wa kwanza ni ringi za pistoni zinazobana ukuta wa silinda. Wa pili ni vali mbili zinazoketi juu ya viti vyake. Wa tatu ni gasketi kati ya silinda na kichwa chake. Mlinzi mmoja akisinzia, nguvu hutoroka.

Tuchukue mfano wa injini ya Honda GX160, ambayo yenyewe au mifano yake iliyoigwa huonekana kwenye jenereta na pampu nyingi. Upana wa silinda yake ni milimita 68 na mwendo wa pistoni ni milimita 45. Jenereta ya nchi zetu inayotoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huizungusha injini ya aina hii mara 3,000 kwa dakika. Kila mzunguko pistoni hushuka milimita 45 na kupanda 45. Hesabu yake ni mita 270 kwa dakika, yaani kilomita 16 na kidogo kwa saa. Basi ikifanya kazi saa sita usiku mmoja, pistoni hiyo huwa imesugua ukuta wa silinda mwendo wa kilomita 97, karibu sawa na safari ya Bujumbura hadi Gitega. Na kinachoitenga pistoni na ukuta huo ni utando mwembamba wa oili tu. Anayeendesha mashine yake bila kutazama oili na afikirie mtu anayetembea hadi Gitega peku juu ya kokoto.

DALILI ZA UGONJWA

Katika ua mmoja wa Kigobe yupo sajini mstaafu ambaye siku zake hupita kati ya meza ya mbao na jenereta za majirani. Ufundi wake aliuanzia Buyenzi, mtaa ambao ni shule ya mafundi wengi wa jiji hili na pia ni makao ya Kiswahili chetu, akauendeleza katika karakana za jeshi. Nilimkuta akisikiliza mashine ya mama mmoja mwuza samaki. Fundi mwingine alikwisha kumwambia mama huyo kwamba injini imekufa, anunue nyingine. Fedha za kununua nyingine hakuwa nazo, na friji lake lilikuwa limezima kwa siku tatu.

"Mama, mwenye kufa hupimwa mshipa kwanza," mzee yule alimwambia. "Tuipime, ndipo tulie."

Hakufungua nati hata moja. Kwanza alitazama moshi. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua: ringi, silinda, au miongozo ya vali imelika. Moshi mweusi maana yake petroli imezidi hewa, na huenda ni kichujio cha hewa kilichoziba au kabureta tu, wala injini haina kosa. Pili alivuta kamba taratibu ili asikie uzito wa pumzi. Hapa mafundi wengi hudanganyika, kwa sababu injini nyingi ndogo zina kifaa kinachoifungua kidogo vali ya kutolea wakati wa kuwasha, ili kamba iwe nyepesi. Kipimo cha mgandamizo nacho hudanganyika vivyo hivyo. Mzee aliuzungusha mzunguko kwa mkono kinyume cha mwendo wake wa kawaida, ambapo kifaa hicho hakifanyi kazi. Injini nzima hukataa na kurudisha mkono. Ile ya mama ilipita kwa urahisi.

Tatu, alitia kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, akavuta mara chache, akapima tena. Jaribio hili rahisi hutenganisha magonjwa mawili. Oili huziba kwa muda nafasi kati ya ringi na silinda. Pumzi ikirudi, kosa ni la ringi au silinda. Isiporudi, kosa liko juu, kwenye vali au gasketi. Ya mama haikurudi. "Tutafungua juu kwanza," alisema, "lakini na chini tutapima, maana tukishaingia nyumbani kwa mtu tusiondoke bila kuuliza hali za wote."

UTARATIBU NI NUSU YA KAZI

Askari hufundishwa kuvua silaha yake kwa mpangilio ili aweze kuiunga hata gizani. Kanuni ni hiyohiyo kwa injini. Waya wa plagi huondolewa kwanza, petroli humwagwa ndani ya chombo chenye kifuniko, na kazi hufanywa mbali na jiko la makaa na mbali na sigara. Injini sharti iwe imepoa. Sehemu hupangwa juu ya kitambaa safi kwa jinsi zilivyotoka, na fito mbili zinazosukuma vali huwekewa alama, kwa sababu kila moja imezoeana na mahali pake.

Bolti nne za kichwa cha silinda hulegezwa kidogo kidogo kwa mshazari, si moja kwa moja hadi mwisho. Kichwa ni cha aluminiamu. Kikilegezwa upande mmoja hupinda. Masizi magumu juu ya pistoni na ndani ya kichwa huondolewa kwa kijiti cha mbao au kipande cha plastiki ngumu. Bisibisi ya chuma huacha mikwaruzo ambayo masizi mapya huishikilia, na kwenye uso wa gasketi mkwaruzo mmoja watosha kuwa njia ya pumzi. Sehemu huoshwa kwa mafuta ya taa, si kwa petroli, ambayo mvuke wake hutambaa chini na kuutafuta moto.

JICHO SI KIPIMO

Hapa ndipo fundi wa kweli hutengana na fundi wa kubahatisha. Silinda iliyolika huweza kung'aa kama kioo na kumdanganya mtazamaji. Huchakaa zaidi karibu na juu, pale ringi zinapogeuza mwendo, ambapo moto ni mkali na oili ni haba. Tena hulika zaidi upande mmoja, ikawa na umbo la yai badala ya duara. Kwa hiyo hupimwa mahali patatu, juu, kati na chini, na kila mahali kwa pande mbili zinazokatana. Katika injini tuliyoitaja, silinda mpya ni milimita 68.00, na kikomo cha kuvumiliwa ni 68.165. Tofauti hiyo ni takriban unene wa karatasi mbili za daftari, lakini ndiyo mpaka kati ya uhai na kifo cha mashine.

Wengi wa mafundi wetu hawana mikromita ya kupimia ndani ya silinda. Mzee wa Kigobe naye hana. Lakini anacho kipimo cha majani ya chuma, kile kifurushi cha visu vyembamba kilichoandikwa unene juu ya kila jani, ambacho bei yake ni ndogo. Alitwaa ringi mpya, akaitia peke yake ndani ya silinda, akaisukuma kwa pistoni ili ikae sawasawa. Chini kabisa, ambapo ringi hazifiki na ukuta ungali mpya, mwanya kati ya ncha mbili za ringi ulikuwa milimita 0.30. Alipoipandisha karibu na juu, mwanya ulikuwa 0.55.

Tofauti ni 0.25. Na kwa kuwa mzunguko wa duara ni mara 3.14 ya upana wake, aligawa 0.25 kwa 3.14 akapata 0.08. Silinda imepanuka milimita 0.08, chini ya nusu ya kiasi kinachoruhusiwa. Kwa jani la chuma na hesabu ya darasa la sita alikuwa amejibu swali ambalo mwenzake alilijibu kwa kukunja uso. Silinda ya mama ilikuwa nzima.

Kama ingalivuka kikomo, ingalipelekwa kuchongwa na kutiwa pistoni kubwa zaidi, ya nyongeza ya milimita 0.25 au 0.50. Hilo lawezekana kwa injini zenye silinda ya chuma. Zipo za bei rahisi ambazo silinda yake ni aluminiamu tupu, na hizo hazina mlango wa pili. Mnunuzi afaa kuuliza jambo hilo dukani, kabla hajavutiwa na rangi.

Mwanya wa ringi yenyewe, ringi mpya katika silinda mpya, huwa kati ya 0.20 na 0.40, ukifika milimita moja ringi hiyo haifai. Mwanya mdogo mno nao ni hatari: ringi hupanuka kwa joto, ncha zikagusana, ikakwama na kuikwaruza silinda. Na iwapo ukuta umekuwa laini kama kioo, hupitishiwa jiwe la kunolea ili upate mistari myembamba inayokatana, maana oili hushikwa na mistari hiyo. Kisha silinda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni, isuguliwe mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, ikaushwe na kupakwa oili papo hapo isishike kutu. Anayefuta kwa petroli tu huacha vumbi la jiwe ndani ya vile vijistari, na vumbi hilo huzila ringi mpya kwa siku chache.

RINGI ZILIZOMRUDISHA HONDA SHULENI

Asidhani mtu kwamba ringi ni kitu cha dharau kwa kuwa ni kipande cha duara kinachouzwa ndani ya bahasha. Soichiro Honda wa Japani, kabla ya kuunda pikipiki, alianzisha kazi ya kutengeneza ringi za pistoni katika miaka ya 1930. Hakuwa na elimu ya madini, na ringi zake za kwanza zilikuwa ngumu na zenye kuvunjika. Alirudi shuleni mjini Hamamatsu, mtu mzima kati ya vijana, kujifunza siri ya chuma. Hata baada ya hapo, alipopeleka ringi 50 kwa Toyota zikaguliwe, ni tatu tu zilizofaulu. Aliendelea mpaka akafaulu, na mwaka 1948 akaanzisha kampuni iliyobeba jina lake.

Kisa hiki kina mafunzo mawili kwa vijana wetu. La kwanza ni kwamba ufundi wa mkono bila elimu ya vipimo hufika mahali ukakwama. La pili ni kwamba ringi nzuri na ringi mbaya hufanana machoni. Ziko sokoni ringi za bei ya chini sana zisizokuwa na chemchemi ya kutosha. Fundi mwaminifu huzitia kwanza ndani ya silinda na kuzimulika kwa tochi kutoka upande wa pili. Mwanga ukipenya pembeni, huzirudisha dukani.

VALI: MLANGO WA MOTO

Ugonjwa wa mashine ya mama ulikuwa kwenye vali ya kutolea. Vali hii hupitiwa na moshi wa moto mkali mara 25 kila sekunde. Hupoa pale tu inapoketi juu ya kiti chake na kukiachia joto. Ndiyo maana kati ya shina la vali na kikono kinachoisukuma huachwa nafasi ndogo: 0.15 kwa vali ya kuingizia na 0.20 kwa vali ya kutolea, injini ikiwa baridi na pistoni ikiwa juu kabisa katika pigo la kugandamiza. Ya kutolea hupewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu hupata joto zaidi na kurefuka zaidi.

Kadiri kiti kinavyolika, vali huzama na nafasi hiyo hupungua mpaka ikatoweka. Hapo vali haifungi tena sawasawa. Moto hupita pembeni, ukingo wake huungua na kutoboka vijishimo. Ajabu ni kwamba mashine hiyo huwa tulivu kuliko ilivyokuwa. Vali iliyolegea hugonga, na kila mtu husikia. Vali iliyobanwa hufa kimya. "Mashine isiyopiga kelele kabisa, Afande, niletee upesi," mzee aliniambia. Alipotia jani la 0.05 halikupita. Nafasi ilikuwa sifuri. Ndiyo sababu ilikuwa ikiwaka asubuhi ikiwa baridi na kukataa ikiwa moto.

Matibabu yake hutaka subira. Vali hutolewa, shina lake husafishwa na kukaguliwa lisiwe limelika au kupinda. Ukingo hupakwa unga wa kusagia, kisha vali huzungushwa mbele na nyuma juu ya kiti chake kwa kijiti chenye kinyonyo, ikiinuliwa na kugeuzwa mara kwa mara. Kazi imekamilika ionekanapo pete moja ya rangi ya kijivu, isiyokatika popote, juu ya vali na juu ya kiti. Pete hiyo huwa na upana wa milimita 0.8 ikiwa mpya. Ikifika milimita mbili, kiti kinapaswa kuchongwa upya. Unga wote huoshwa, usibaki hata chembe. Kisha vali hurudishwa na springi yake, na mafuta ya taa humiminwa kwenye tundu la moshi. Yakivuja tone moja, kazi huanza tena. Mara ya kwanza yalivuja. Mzee hakusema neno. Alitoa vali akaanza kusaga upya. Mara ya pili hayakuvuja.

KUFUNGA NA KUIZOESHA

Kwa kuwa injini ilikuwa imefunguliwa, ringi mpya zilitiwa pia. Alama ndogo iliyo juu ya kila ringi hutazama juu, na mianya yao hutengwa theluthi moja ya duara kila mmoja, ili pumzi isipate njia iliyonyooka. Kila kinachosugua hupakwa oili safi. Gasketi huwa mpya. Ya zamani iliyokwisha kubanwa haina unyumbufu wa kubanwa tena.

Kaza kwa kadiri, usikaze kwa hasira. Bolti za kichwa katika injini hii hutaka nguvu ya nyutoni-mita 24. Maana yake kwa lugha nyepesi ni uzito wa kilo 10 ukining'inizwa mwisho wa spana ya sentimita 25. Bolti za mkono wa pistoni hutaka nusu ya hapo. Vijana wenye misuli huvuta mpaka uso unatoka jasho, wakang'oa nyuzi za aluminiamu, na kosa hilo huwa ghali kuliko ugonjwa wa mwanzo. Hukazwa kwa mshazari, kwa awamu mbili au tatu. Kisha injini huzungushwa kwa mkono mara kadhaa kabla ya plagi kurudishwa, ili kama kuna kinachogusana kijulikane kabla ya moto.

Ringi mpya na ukuta wa silinda ni kama wanandoa wapya, wahitaji kuzoeana. Mashine isiachwe ikinguruma bure kwa saa nyingi, wala isibebeshwe mzigo wote siku ya kwanza. Ipewe mzigo wa kadiri, upandishwe na kushushwa. Oili hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kwa kuwa hubeba vumbi la chuma kipya, kisha kila saa 100. Injini hii huhitaji takriban nusu lita na kidogo, kiasi cha chupa moja ya soda kubwa. Ni vigumu kuelewa mtu anayenunua petroli kila siku kwa taabu na kuinyima mashine oili ya mara moja kwa miezi mingi.

Mashine ya mama iliwaka kwa mvuto wa pili. Iliachwa ipate moto, ikazimwa, ikawashwa tena ingali moto, nayo ikaitika. Hakulipa hata robo ya bei ya mashine mpya.

VUMBI, MAFUTA NA MOSHI UNAOUA

Maadui wa injini wanajulikana. Wa kwanza ni vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Ikipenya kichujio cha hewa huchanganyika na oili na kuwa unga wa kusagia usioalikwa. Kichujio kisafishwe kila baada ya saa 50, na mapema zaidi penye vumbi. Wapo wanaokiondoa ili mashine "ipumue vizuri". Hao hununua silinda mpya kwa mikono yao wenyewe.

Adui wa pili ni petroli chafu. Wakati wa uhaba, petroli hupita katika chupa na madumu mengi kabla ya kumfikia mtumiaji, na huongezwa maji au mafuta ya taa njiani. Mafuta ya taa hugonga ndani ya silinda, huiletea pistoni joto na huosha utando wa oili. Petroli ichujwe kwa kitambaa kizito, iachwe itulie, na tone la chini litazamwe kabla ya kutiwa.

Adui wa tatu hashambulii injini, humshambulia mwenye injini. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi. Humlaza mtu usingizi asiamke. Jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba, stoo, baraza iliyofungwa au chini ya dirisha la chumba cha kulala, hata kama mvua inanyesha na hata kama wezi wanaogopwa. Ijengewe kibanda kilicho wazi pande zote, mbali na mlango, na bomba la moshi lielekezwe kusiko na watu. Na jirani ni mtu pia. Injini iliyotengenezwa vizuri hutoa moshi usioonekana, lakini sumu hiyo ingalimo. Asidanganyike mtu.

SOMO LA LIEMBA

Ziwa letu lenyewe linatunza ushahidi wa maana ya matengenezo. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipokuwa wakiihama Kigoma, waliamua kuizamisha meli yao Graf von Götzen isiangukie mikononi mwa maadui. Lakini mafundi walioiunda, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini zake grisi kwa uangalifu. Wangaliweza kuvunja, walichagua kuhifadhi. Meli iliinuliwa na Wabelgiji ikazama tena, na mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini. Mitambo ilikutwa ingali ya kufaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, ikasukumwa na pistoni zake zilezile za mvuke kwa miaka mingi, mpaka katika miaka ya 1970 ilipotiwa injini za dizeli. Wazee wengi wa mwambao wa ziwa, kutoka Bujumbura hadi Mpulungu, walisafiri ndani yake.

Ikiwa kopo la grisi na saa chache za kazi ya uangalifu ziliweza kuokoa mitambo iliyolala majini miaka minane, sisi tuna udhuru gani kwa mashine iliyo juu ya saruji, nyuma ya nyumba zetu wenyewe?

Hapana budi, basi, vyuo vyetu vya ufundi viwape vijana vipimo pamoja na spana, na kila fundi wa mtaani ajitahidi kupata kipimo cha majani ya chuma kabla ya kununua nyundo ya pili. Mwenye mashine naye aandike ukutani saa ilizofanya kazi na siku ya kubadilisha oili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa injini ndogo ni milimita 0.20, huzibwa kwa alasiri moja.